Kazi inayofunikwa na kitambaa: kisa cha meza ya pool ya futi 9

Meza yenyewe ni ya futi 9. Uwanja wake wa kuchezea ni inchi 100 kwa 50, yaani sentimita 254 kwa 127, na chini ya kitambaa kuna jiwe la sleti la vipande vitatu lenye unene wa inchi 1. Ilikuwa imehamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine, ikafungwa upya na kuvalishwa kitambaa kipya cha sufu iliyochanganywa na nailoni. Hata wiki sita hazikuisha, wachezaji wakaanza kulalamika.

Malalamiko yalikuwa matatu. Mpira uliosukumwa taratibu kutoka upande wa kuvunjia, yaani pale pigo la kwanza la mchezo linapopigwa, ulikuwa ukikata kushoto unapoishiwa nguvu, ukielekea shimo la kona. Karibu na upande wa kupangia mipira kulikuwa na mahali ambapo mpira unaruka kidogo, na mwenye sikio zuri alisikia "tik". Tatu, nusu ya ukingo mmoja mrefu ilikuwa imekufa: mpira ukigonga pale, badala ya mlio mkavu unasikia kishindo kizito, na mpira unarudi bila nguvu.

Aliyeifunga meza aliitwa mara tatu. Kila mara alizungusha miguu ya kurekebishia urefu, akaweka pimamaji la ujenzi katikati, akaona kitone kimetulia, akaondoka. Kila mara kasoro ilihama. Mara ya mwisho alishauri raba za kingo zote sita zibadilishwe. Hapo ndipo mwenye meza alipomtafuta fundi mwingine, na huyu wa pili ndiye anayestahili kuchambuliwa kwa makini, maana karibu kila alichokifanya kinafundisha.

Saa ya kwanza: hakufungua kitu

Fundi huyu alianza kwa kuomba mipira. Akaifuta, akachagua miwili, akaisukuma polepole mmoja baada ya mwingine kwenye mstari uleule, halafu akahamia ng'ambo na kuisukuma kurudi. Mtu asiyeijua kazi angedhani anacheza. Kumbe kila msukumo ulikuwa unafuta shaka moja. Mpira wenyewe unaweza kuwa na uzito usiolingana ndani ukajipinda hata juu ya jiwe lililonyooka kabisa, ndiyo maana alitumia miwili. Kitambaa chenye manyoya yaliyolazwa upande mmoja kinaweza kuuvuta mpira kwenda tofauti na kurudi, ndiyo maana alisukuma pande zote mbili. Mipira yote miwili ilipoangukia upande uleule wa chumba, kwenda na kurudi, shaka ikabaki kwenye usawa wa meza.

Kasi ndogo ndiyo inayofichua. Mpira wa kasi unapita kabla mteremko haujapata muda wa kuuvuta; mpira unaokaribia kusimama hauna ulinzi wowote. Ndiyo sababu meza mbovu huwaumiza zaidi wachezaji wa mikono laini, wale wanaouweka mpira mweupe kwa vipimo vya sentimita, kuliko wale wanaopiga kwa nguvu.

Kisha akatoa pimamaji lake. Lilikuwa lile la mafundi wa mashine, la chuma, urefu wa sentimita 30, ambalo mstari mmoja kwenye kioo chake ni inchi 0.005 kwa futi, kama milimita 0.42 kwa mita. Kanuni za WPA, chama cha dunia cha mchezo huu, zinataka jiwe liweze kusawazishwa hadi ndani ya inchi 0.020 kwa urefu na inchi 0.010 kwa upana, yaani kama nusu milimita na robo milimita. Kwa vipimo vya uwanja huu, pande zote mbili zinafikia takriban milimita 0.2 kwa mita: nusu ya mstari mmoja wa pimamaji hilo. Sasa chukua pimamaji la ujenzi la kawaida, ambalo hata likiwa jipya huruhusiwa kukosea nusu milimita kwa kila mita. Kwa upana wa sentimita 127 peke yake, kosa la kifaa linapita milimita 0.6, zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa. Aliyetangulia hakuwa mzembe wa macho. Alikuwa anatafuta kitu ambacho chombo chake hakina uwezo wa kukiona.

Hata pimamaji zuri halikuaminiwa bure. Alilisoma, akaligeuza ncha kwa ncha papo hapo, akalisoma tena. Kitone kikisimama palepale kwa upande uleule wa chumba, chombo kiko sawa. Kikihama, tofauti hiyo ni ya chombo wala si ya meza. Alirudia kwenye nukta tisa: tatu kwa kila kipande cha jiwe. Upande wa kushoto ulikuwa chini kwa mistari mitatu kwa upana, ambayo ni kama milimita 1.6 kutoka ukingo hadi ukingo. Zaidi ya mara sita ya kiwango.

Kwenye kingo alitumia kidole gumba na sikio. Alibonyeza raba kwa nguvu ileile kila baada ya shubiri moja, akizunguka meza yote, halafu akapiga ukingo kwa kifundo cha kidole. Penye afya mlio ni mfupi na wa juu. Penye kasoro unasikia kama unapiga boksi tupu. Raba ilikuwa laini, haina nyufa, ukiiminya inarudi mara moja. Alipima pia urefu wa pua ya raba, ile ncha inayogongwa na mpira, kutoka kwenye kitambaa, akapata kati ya milimita 36.2 na 36.5 kote. Mpira una kipenyo cha inchi 2.25, sawa na milimita 57.15, na pua ya raba inatakiwa iwe kwenye asilimia 63.5 ya kipenyo hicho, ikizidi au kupungua kwa asilimia moja. Hiyo ni kama milimita 36.3. Pua ikiwa chini mno mpira unaruka ukigonga. Ikiwa juu mno inaukandamiza mpira kwenye jiwe na kuula mwendo wake. Hapa ilikuwa sawasawa.

"Raba zako ni nzima," alimwambia mwenye meza. "Usinunue."

Maneno hayo mafupi yalimkosesha fundi kazi ya kubandika raba kingo sita, kazi ambayo mwenye meza alikuwa tayari ameshaikubali moyoni na asingeweza kamwe kujua kwamba haikuhitajika. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko ustadi wa mikono. Ustadi hufundishika kwa kurudia, lakini hapa hapakuwa na shahidi wala mkaguzi.

Kilichokuwa chini

Alitabiri sababu tatu kabla ya kufungua, akaziandika kwa penseli: fremu imepinda, maungio ya jiwe hayakufungwa pamoja, na bolti ya katikati ya ukingo ule haishiki. Zote tatu zilithibitika, moja ikiwa na nyongeza ambayo hakuitarajia.

Kingo ziling'olewa kwanza. Meza ya aina hii ina kingo sita, kila mmoja na bolti tatu, jumla 18. Bolti ya katikati ya ukingo uliokufa ilikuwa imeingia mshazari kwenye nati yake, ikakwama na kujifanya imekaza. Mkononi ilihisi ngumu, lakini haikuwa inauvuta ukingo kwenye jiwe hata kidogo. Nyongeza ilikuwa mkunjo wa kitambaa. Aliyevalisha meza aliacha ziada karibu na shimo la kati, akaikunja chini ya ukingo badala ya kuikata, na ule unene ukazuia mti wa ukingo kukaa bapa juu ya jiwe. Ukingo usioshikana na jiwe hutetemeka mpira unapogonga, na mtetemo huo ndio unaokula nguvu ya mpira. Raba hulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Kitambaa kilikuwa kimeshikwa kwa pini za stepla kwenye ubao uliobandikwa chini ya jiwe. Hapa fundi alifanya jambo linalohitaji subira ya pekee: aling'oa pini moja moja kwa bisibisi bapa na koleo, bila kuchana hata uzi. Njia ya haraka ni kukivuta kitambaa kwa nguvu na kuagiza kingine. Alikuwa amepima na kukuta kimebaki kama sentimita 4 za ziada kila upande, zinazotosha kukivuta upya, kwa hiyo hakuona sababu ya kukitupa kitambaa cha wiki sita. Pini zote ziliingia kwenye kopo, na baadaye alipitisha sumaku sakafuni na juu ya jiwe. Pini moja ikibaki juu ya jiwe, kitambaa kinachubuka pale na tundu linatokea kutoka ndani.

Jiwe likaonekana. Mabamba matatu ya meza moja hukatwa na kusagwa pamoja, na mara nyingi huwa na namba inayolingana. Aliikagua, zililingana na mpangilio ulikuwa sahihi. Kwenye maungio ya upande wa kupangia mipira, fila ngumu ya ukutani ilikuwa imepasuka vipande, na chembe zake ndizo zilizokuwa zikiurusha mpira. Alipitisha ukucha wa kidole cha shahada kutoka bamba moja hadi jingine, polepole. Ukucha ulikwama. Aliweka rula ya chuma juu ya maungio na kupenyeza kijibamba cha geji, kile ambacho mafundi magari hupimia nafasi za valvu: milimita 0.2 kwenye ncha ya kushoto, sifuri kwenye ncha ya kulia. Bamba la mwisho lilikuwa limelala upande.

Sababu ilikuwa mpangilio wa kazi. Skrubu za jiwe zilikazwa kabla ya kabari kuwekwa. Jiwe linaonekana gumu kama sakafu, lakini bamba la inchi 1 hupinda kwa kiasi kinachopimika ukilivuta kwa skrubu mahali ambapo chini yake pako wazi. Juu ya hapo, ule mguu uliozungushwa mara tatu ulikuwa umebeba uzito wa kona yake karibu peke yake huku mguu wa jirani ukigusa sakafu tu. Fremu ilijisokota, mabamba yakafuata, na fila isiyojua kupinda ikavunjika.

Kusawazisha, kwa utaratibu wake

Mabamba yalinyanyuliwa na watu wanne. Kila moja lina karibu kilo 90, na hubebwa likiwa limesimama kwa ubavu kama kioo, kwa sababu likibebwa bapa uzito wake wenyewe unaweza kulivunja katikati. Kona moja ya bamba la kati ilikuwa na ufa mdogo wa zamani kwenye tundu la skrubu. Fundi alimwita mwenye meza na kumwonyesha kabla ya kuendelea, akapiga picha, akaeleza kwamba ufa hauathiri uchezaji ila skrubu hiyo isikazwe kupita kiasi. Fundi wa aina nyingine angenyamaza, ufa uje kugunduliwa na mwingine siku nyingine.

Miguu yote ilirudishwa kwenye urefu mmoja, ikakaguliwa kwa karatasi: karatasi ikipita chini ya mguu, mguu huo haubebi kitu. Fremu ilisawazishwa yenyewe kwanza, kisha mabamba yakarudishwa bila skrubu kukazwa, na meza ikaachwa ikae kwa muda ili mbao ziupokee uzito. Watu wengi huiruka hatua hii ya kungoja kwa sababu haionekani kuwa kazi.

Bamba la kati ndilo linaloanza, maana mengine mawili yatalifuata. Kabari nyembamba za mbao ziliingizwa kati ya fremu na jiwe, jirani kabisa na kila skrubu. Kabari ikiwa mbali na skrubu, skrubu italipindisha jiwe kwenye nafasi iliyo katikati yao. Kabari inasogezwa kwa kugongwa taratibu, skrubu inakazwa kidogo, pimamaji linasomwa, kabari inasogezwa tena. Kwenye maungio hakuliangalia pimamaji peke yake. Alirudi kwenye ukucha na rula mpaka geji ya milimita 0.05 ikakataa kupenya popote. Mwishoni nukta zote tisa zilisomeka ndani ya nusu mstari, kwa urefu na kwa upana.

Maungio yalijazwa nta ya nyuki. Jiwe lilipashwa joto kidogo kwa moto wa gesi wa mkononi, nta ikayeyushwa juu ya ufa, ikaingia yenyewe na kuacha tuta jembamba la manjano. Ilipopoa aliikwangua kwa ubapa wa kisu kipana, akikilaza karibu bapa, na kuivuta kwa mshazari ili kisu kisichimbe. Tunyuzi twa nta tulijikunja mbele ya kisu kama maganda ya penseli. Alipopitisha ukucha tena, haukujua umevuka wapi.

Mafundi hubishana sana kuhusu nta na fila. Nta husogea pamoja na jiwe bila kupasuka, lakini chumba kikiwa na joto kali hulainika na inaweza kuzama. Fila ya bodi za magari haijali joto, ila fremu ikihama hupasuka, na kuitoa ili kusawazisha upya ni kazi chafu. Kwa maoni yangu ubishi huo umepewa ukubwa usiostahili. Mabamba yakiwa yamepangwa sawa na kufungwa pamoja, chochote kati ya hivyo viwili kitadumu. Yakiwa hayajapangwa, hakuna kitakachoyaokoa. Kisa hiki ni ushahidi.

Kabla ya kuvalisha, alipangusa jiwe, akalifyonza vumbi, akalipangusa tena kwa kiganja kitupu. Kiganja huhisi punje ambayo jicho hulipita.

Kitambaa kilirudishwa kwa kushika upande mmoja mfupi kwanza, kikavutwa kwa urefu, halafu pande ndefu kuanzia katikati kuelekea kona, kwa zamu, kushoto na kulia. Kipimo chake kilikuwa kukibana kitambaa kwa vidole viwili katikati ya meza: kama kinanyanyuka, hakijanyooka. Kitambaa kilicholegea hupunguza kasi na huchakaa upesi kwa sababu mpira unakisukuma mbele yake. Kilichovutwa zaidi upande mmoja hupinda nyuzi, na mpira wa polepole huzifuata nyuzi hizo. Ziada karibu na mashimo ya kati ilikatwa safari hii, na nyuso ambazo kingo hukalia zikaachwa tupu kabisa.

Uzi wa nati iliyoharibika ulichongwa upya, bolti ikabadilishwa. Bolti zote 18 ziliingizwa kwa vidole tu mwanzoni. Bolti isiyoingia kwa vidole imekaa mshazari, na spana itaficha kosa hilo badala ya kulisahihisha. Kingo ndefu zilinyooshwa kwa rula, midomo ya mashimo ikapimwa (inchi 4.5 hadi 4.625 kwenye kona, inchi 5 hadi 5.125 katikati), ndipo zikakazwa kwa mizunguko mitatu, kila ukingo ukianzia bolti yake ya kati.

Kukabidhi

Majaribio yalichukua karibu saa nzima. Mipira ya polepole kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Mpira uliowekwa juu kabisa ya maungio na kuachwa, kuona kama utatulia. Kingo zilipigwa moja moja huku akisikiliza, na ule uliokuwa umekufa ulitoa mlio uleule wa wenzake. Mwisho, pigo la nguvu kutoka upande wa kuvunjia: kwa mujibu wa WPA mpira unapaswa kwenda urefu wa meza mara nne hadi nne na nusu bila kuruka. Ulikwenda nne na kidogo.

Mwenye meza aliuliza kama aliyetangulia ni tapeli. Fundi alikataa neno hilo. Alieleza kasoro kwa majina ya sehemu zake, bolti, kabari, mkunjo, na kusema kwamba pimamaji lile la ujenzi lingempoteza yeyote. Kisha akainama chini ya meza na taa, akaandika kwa penseli kwenye fremu: tarehe, masomo ya nukta tisa, aina ya kijazio kwenye maungio, na alama ya skrubu isiyotakiwa kukazwa sana. Maandishi hayo mchezaji hatayaona kamwe. Yameandikiwa fundi atakayekuja baadaye, ambaye pengine hatakuwa yeye.

Alisema mapema kwamba mbao zingeendelea kutulia na kwamba angerudi baada ya wiki nne bila kuitwa. Alirudi. Nukta nane hazikuwa zimesogea. Moja, ya kona ya kushoto, ilikuwa imeshuka nusu mstari zaidi. Alizungusha mguu mmoja chini ya robo mzunguko, akangoja, akasoma nukta zote tisa upya, akakagua kwa karatasi kwamba mguu wa jirani bado unabeba, halafu akainama na kuandika mstari wa pili chini ya ule wa kwanza.